Msichana Anayetoka Usiku na Wenzake Hajapotea

Matembezi ya usiku ya wasichana ni safari ya marafiki wa kike, kwa kawaida wanne hadi wanane, wanaotoka pamoja kwenda kucheza muziki katika ukumbi au klabu ya mjini bila kusindikizwa na mume, mchumba wala kaka. Kwa wasichana wa Oicha, makao makuu ya eneo la Beni katika Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, mji huo huwa ni Beni wenyewe, kilomita 30 hivi upande wa kusini kwa Barabara ya Taifa namba 4, au Butembo, kilomita nyingine 54 baada ya Beni. Wenye uwezo walikuwa wakifika Goma. Tangu Goma iingie mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, njia hiyo imekatika, na Butembo, mji wa wafanyabiashara, ndio uliobaki kwa anayetaka usiku wa mji mkubwa. Safari hupangwa kwa wiki kadhaa. Fedha huchangwa kidogo kidogo, kikwembe hupelekwa kwa fundi, mahali pa kulala hutafutwa kwa shangazi au mama mdogo anayeishi mjini. Wanaohusika hapa ni watu wazima, wenye miaka 18 na zaidi; mtoto wa shule hana nafasi klabuni na hakuna anayemtetea.

Maoni yaliyoenea Oicha, Beni na Butembo, majumbani, mimbarini na katika vikao vya mtaa, ni kwamba safari hiyo ni upotovu. Husemwa kuwa ni tabia ya kuiga. Husemwa kuwa msichana anayeonekana ukumbini bila mwanamume ni ndumba, yaani kahaba, au yuko njiani kuwa ndumba. Akipatwa na baya, husemwa kuwa amelitafuta mwenyewe. Na juu ya yote husemwa kuwa katika nchi inayozika watu wake wiki baada ya wiki, kucheza ni kuwatukana wafu. Wanaosema hivyo wengi wao ni watu wema, wakiwamo akina mama waliolea watoto wakikimbia risasi, na wanastahili kujibiwa kwa hoja, bila dharau. Hata hivyo maoni hayo si sahihi, na madhara yake huwaangukia wale wale yanaodai kuwalinda. Kinachomlinda msichana usiku ni mpango wa wenzake. Katazo humwondolea mpango huo, kisha humwacha peke yake.

Hoja ya kuiga ndiyo dhaifu kuliko zote, maana historia ya Waswahili na ya Wakongo inaikanusha waziwazi. Mombasa, Lamu na Zanzibar zilikuwa na vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, tangu mwishoni mwa karne ya 19. Vilikuwa vyama vya wanawake vyenye viongozi wenye vyeo, wanachama waliochangishana, sare zilizoshonwa kwa ajili ya siku moja tu, na mashindano makali baina ya kundi na kundi. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, aliimba usiku katika mtaa wa Ng'ambo mbele ya wake kwa waume, na mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba kabla ya kupewa kazi ya kuwaongoza wanawake wa chama cha TANU mwaka 1955. Alipotakiwa kuwaleta wanawake chamani aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa sababu huko ndiko wanawake walikokuwa wamekwisha kujipanga: wanajuana, wana mweka hazina, wana utaratibu wa kuitana. Katika miezi michache maelfu yao walichukua kadi. Uhuru wa Tanganyika una deni kwa wanawake waliojifunza kuongozana kwa kwenda kucheza pamoja.

Kongo nayo ina historia yake, na ni ya karibu zaidi. Léopoldville, Kinshasa ya leo, katika miaka ya 1940 na 1950 ilijaa vyama vya wanawake wa mjini vilivyounganisha urembo na kusaidiana. Wanachama walichanga kwa zamu, walivaa vikwembe vya aina moja, waliingia katika baa za muziki wakiwa kundi, na wakamsaidia mwenzao aliyefiwa au kujifungua. Bendi ziligombania kuwavuta, kwa kuwa walipokuwapo wao ndipo wateja walipojaa. Bendi ya OK Jazz ya mwanamuziki Franco ilizaliwa mwaka 1956 katika baa iliyoitwa OK Bar, na jina lake limetoka huko. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu Desemba 2021, ilikulia katika kumbi hizo, mbele ya wanawake hao na mara nyingi kwa fedha zao. Taifa haliwezi kujivunia rumba mbele ya dunia kisha likawaita wasichana wanaokwenda kuicheza watu walioiga ugeni. Hata njia ya kukusanya fedha za safari ni ya nyumbani. Wasichana wa Oicha hutumia likelemba, mchango uleule wa zamu ambao mama zao huutumia kununulia sufuria, kulipia shule na kuanzisha meza ya biashara sokoni.

Hoja ya pili, kwamba mwanamke asiye na mwanamume kando yake ni wa kuuzwa, inahitaji kuchimbuliwa mizizi, kwa kuwa watu wengi huamini ni amri ya mababu. Sehemu yake kubwa iliandikwa na utawala wa Ubelgiji katika daftari za kodi. Katika miji ya Kongo na ya Ruanda-Urundi, wakoloni waliwatoza kodi wanawake waliohesabiwa kuwa wanaishi peke yao, nje ya mamlaka ya mume. Daftari halikumtofautisha mjane na mchuuzi, wala mtalikiwa na kahaba. Wote walikuwa na kasoro moja, ya kutokuwa na mtu wa kuwajibia. Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Usumbura, ambao leo ni Bujumbura, wanawake Waislamu waliikataa kodi hiyo hadharani katikati ya miaka ya 1950, kwa sababu waliona wazi kuwa kulipa ni kukiri. Serikali iliyoitoza imekwisha kuondoka. Fikra yake imebaki, na sasa hukusanywa kwa ulimi: msichana anayekaa mezani na wenzake wanne, soda au bia mbele yao, hudaiwa kila siku athibitishe kuwa hauzwi.

Dai hilo halimhusu kaka yake. Kijana wa kiume wa Oicha akienda Butembo Jumamosi na kurudi Jumapili akiwa na usingizi machoni, nyumbani ataulizwa kama amekula. Wala dai halimhusu msichana yuleyule anapokuwa usiku nje kwa jambo jingine. Muuguzi hulinda wodi ya hospitali hadi alfajiri. Mchuuzi hutoka nyumbani kabla ya mapambazuko kuwahi soko, na mkulima hutangulia jua kwenda kwenye kakao. Katika matanga wasichana hukesha nje usiku kucha, wakipika, wakiimba, wakilala kwenye majani ya migomba, na vijana wa kiume wakiwa hapohapo. Kwaya hukesha kanisani. Katika mikesha yote hiyo hakuna anayehesabu saa wala kuuliza nani alimsindikiza nani, na hakuna heshima ya mtu inayopungua. Basi usiku si kosa. Wala kuwa mbali na nyumbani si kosa, wala kuwa karibu na wanaume si kosa. Kinachobaki baada ya kuyaondoa yote hayo ni jambo moja tu: kwamba safari hii msichana anatoka kwa ajili ya furaha yake mwenyewe, bila kumtumikia mgonjwa, mteja, maiti wala mchungaji. Jamii inayomkubali binti usiku akiwa kazini na kumkataa akiwa na furaha inapaswa kujichunguza.

Hoja ya tatu ni ya usalama, na hii ndiyo nzito, kwa sababu hofu iliyo ndani yake ni ya kweli. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limechinjwa na ADF, kundi lililotoka Uganda na kujikita katika misitu ya pande zote za barabara ya Oicha na Eringeti. Tangu Mei 2021 jimbo limekuwa chini ya utawala wa kijeshi, na amri za kutotembea usiku zimekuwa zikiwekwa, zikilegezwa na kukazwa tena. Desemba 25, 2021, mlipuaji wa kujitoa mhanga aliua watu katika mgahawa mmoja mjini Beni uliojaa watu waliokuwa wakisherehekea Noeli, wakiwamo watoto na wazazi wao. Kwa hiyo mzazi anaposema kuwa mahali pa starehe panaweza kuwa mahali pa kufia, hasemi uongo.

Lakini anapotoka hapo na kusema kuwa msichana aliyekwenda mahali hapo amejitakia, anaacha ukweli. Vita hii haikuchagua. Juni 27, 2021, mjini Beni, bomu la asubuhi lililipuka ndani ya kanisa Katoliki na kujeruhi wanawake wawili. La jioni lilimlipua aliyelibeba karibu na baa. Siku moja, mji mmoja, kanisa na baa. Januari 15, 2023, bomu liliua waumini ndani ya kanisa la Kipentekoste huko Kasindi, mpakani na Uganda, Jumapili, katika ibada. Usiku wa kuamkia Julai 27, 2025, huko Komanda, mbele zaidi kwenye barabara hiyohiyo inayopita Oicha, washambuliaji waliua zaidi ya watu 40, wengi wao wakiwa wamekesha kanisani. Septemba mwaka huohuo, Ntoyo katika eneo la Lubero, waliwaua makumi ya watu waliokuwa matangani. Na kabla ya hayo, na baada yake, walioanguka kwa wingi zaidi ni wakulima waliokwenda shambani mchana kutafuta chakula. Hakuna mhubiri aliyesimama kuwaambia jamaa wa Komanda kuwa ndugu zao walijitakia kwa kukesha. Ingekuwa ukatili kusema hivyo. Ni ukatili uleule kumwambia mama ambaye binti yake aliuawa au kujeruhiwa akiwa na rafiki zake mezani.

Hatari nyingine, ya kushikwa kwa nguvu na wanaume, nayo inaelezwa kinyume. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kuwa takriban mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kupigwa au kulazimishwa kimwili katika maisha yake, na kwamba mtendaji wa kawaida ni mume au mpenzi. Nyumba, ambayo inatajwa kuwa kimbilio, ndiyo inayoongoza kwa madhara. Mchana nao haumlindi mwanamke. Nairobi, Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo na genge la wanaume kwenye kituo cha matatu, mbele ya watu, kwa madai kuwa sketi yake haikuwa na heshima. Wanawake waliandamana Novemba 17 kudai kuwa mavazi yao ni uamuzi wao, na kabla ya mwaka kwisha sheria ya Kenya ikaweka kifungo kisichopungua miaka 10 kwa anayemvua mtu nguo kwa nguvu. Bunge lilielewa jambo ambalo vikao vingi vya mtaa bado havijaelewa: wa kuzuiwa ni yule anayewavua wengine nguo. Uingereza ilipita hapo miaka mingi nyuma. Muuaji mmoja aliposaka wanawake kaskazini mwa Uingereza katika miaka ya 1970, polisi waliwashauri wanawake wasitoke usiku. Novemba 12, 1977, wanawake wa Leeds waliandamana usiku kuuliza kwa nini anayefungiwa ndani ni yule asiyeua.

Sheria ya Kongo iko upande wa wasichana hawa kuliko watu wengi wanavyodhani. Katiba ya 2006, ibara ya 30, inampa kila mtu haki ya kwenda na kurudi katika ardhi ya taifa. Sheria mbili za Julai 20, 2006 kuhusu ukatili wa kingono, namba 06/018 na 06/019, zinaweka kifungo cha miaka 5 hadi 20 kwa ubakaji, na hazimruhusu hakimu kupima ukweli au heshima ya mwanamke kwa mwenendo wake wa zamani wa kimwili. Saa aliyokuwa nje haimo katika sheria kama sababu ya kumpunguzia mkosaji adhabu. Marekebisho ya Sheria ya Familia ya 2016 yaliondoa hata ruhusa ya mume ambayo mke alidaiwa kabla ya kufanya mkataba au kazi. Mwanamke mzima wa Kongo si mtoto mbele ya sheria. Amebaki mtoto kwa mazoea tu.

Sasa kuhusu kazi halisi ya katazo. Katazo halizuii matembezi. Linabadilisha namna yanavyofanyika, na linayabadilisha kuwa mabaya zaidi. Msichana anayejua kuwa akiaga atapigwa au ataitwa ndumba haagi. Anasema anakwenda kumtazama mgonjwa au kulala kwa rafiki wa kwaya. Kwa kuwa amedanganya, hawezi kwenda na kundi kubwa, maana siri ya watu sita haikai. Anakwenda na mmoja, au na mwanamume aliyemwahidi kumlipia kila kitu. Kwa kuwa hakuweza kuweka akiba waziwazi, hana nauli yake ya kurudia, na asiye na nauli yake amemkabidhi mwingine uamuzi wa saa ya kuondoka na mahali pa kulala. Likitokea jambo, simu ya kwanza haipigwi nyumbani. Na akidhulumiwa, hufunga mdomo, kwa sababu kueleza dhuluma ni kukiri safari. Wakosaji wanaijua hali hiyo na wanaitegemea. Kila hubiri linalosema alijitakia huwaongezea uhakika kwamba hakuna atakayeshitaki.

Safari iliyopangwa waziwazi na wenzake ni kitu kingine kabisa, na inafaa kuelezwa kwa ukamilifu, kwa kuwa wanaoilaani mara nyingi hawajawahi kuitazama. Huanza na barabara. Wenye busara huondoka Oicha asubuhi na kuepuka kusafiri jioni, baada ya kuuliza madereva na jamaa walio njiani kama kuna habari za mashambulizi. Habari zikiwa mbaya, safari huahirishwa bila mjadala na fedha hubaki kwa mweka hazina. Kila mmoja hubeba kadi yake ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho kinachoulizwa kwenye vizuizi vya askari. Mahali pa kulala huwa pamekubaliwa kabla ya kutoka, na mwenyeji huwa anajua idadi ya wageni na saa watakayoingia. Hakuna anayerudi Oicha usiku. Hilo halina ubishi, na kundi linalolipuuza halijapanga chochote.

Fedha hugawanywa mafungu. La kwanza ni nauli ya kurudi, na hilo haliguswi hata muziki ukinoga vipi; wengine huliacha kwenye simu ya mmoja wao, katika M-Pesa au Airtel Money, wengine hulishona kwenye upindo wa nguo. Kiingilio, chakula na vinywaji hulipwa kutoka mfuko wa pamoja. Faida ya mfuko huo ni kubwa kuliko hesabu yake: mwanamume anayetuma chupa mezani ili adai malipo baadaye hurudishiwa chupa yake kwa adabu, maana meza imekwisha kujilipia. Msichana anayekunywa kwa fedha yake hadaiwi na mtu. Wanaosema likelemba ya klabu ni kupoteza fedha wangefikiria gharama ya usiku unaolipiwa na mwingine.

Ndani ya ukumbi kuna desturi ambazo wasichana wamezibuni wenyewe na kufundishana. Mmoja, kwa zamu, hanywi pombe kabisa, na neno lake kuhusu saa ya kuondoka ni la mwisho. Glasi haiachwi mezani bila mwangalizi. Kwenda msalani ni wawili wawili. Anayetaka kuzungumza na mwanamume aliyempenda ana uhuru wake, lakini huzungumza pale wenzake wanapomwona, na haondoki naye usiku huo. Akiwa mtu wa maana, atakuwapo hata wiki ijayo. Dereva wa pikipiki huwa mtu anayejulikana, mara nyingi jirani wa mwenyeji, amekwisha kupewa saa na namba. Mtu mmoja nyumbani Oicha, dada mkubwa au mama anayeelewa, hupokea ujumbe wanapofika ukumbini na wanapofika kulala. Waliotoka watano hurudi watano. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo mama wa zote, na hakuna amri ya baba iliyowahi kumlinda msichana kwa kiasi hicho mahali ambapo baba hayupo.

Amri ya kutotembea usiku, pale inapokuwapo, haifuti safari, inaihamisha. Dansi ya mchana ni desturi ya zamani katika miji ya Kongo, iliyozoeleka Jumapili tangu enzi za ukoloni. Ukumbi unaofungua saa nane mchana na kufunga kabla ya giza kuingia huwapa wasichana muziki uleule, mwanga wa kurudia kwa mwenyeji, na sababu ya kutopishana na doria. Mahali ambapo hakuna ukumbi wa namna hiyo, ua wa shangazi na spika ya kukodi hutosha. Wanaopinga klabu kwa ajili ya usalama pekee wangekuwa wa kwanza kuunga mkono dansi ya mchana. Ikiwa hiyo pia wanaikataa, basi hofu yao haikuwa ya ADF.

Kuhusu pombe, ukweli ni mfupi. Pombe hudhuru, na humdhuru mwanamume pia. Kasiksi, pombe ya ndizi, hunywewa vijijini mchana kweupe na wazee wanaoheshimika. Anayetaka kupiga vita ulevi aupige vita kokote ulipo, kwa wote. Wasichana wengi katika makundi haya hunywa soda usiku mzima, na hilo halijawaokoa na jina baya, jambo linaloonyesha kuwa ugomvi haukuwa wa chupa.

Inabaki hoja ya nne, ya matanga, nayo inagusa kidonda. Oicha imezika watu wengi mno. Familia zimekimbia kutoka vijijini na kujaa katika nyumba za jamaa, mashamba ya kakao yameachwa yakivunwa na wengine, na hakuna nyumba isiyo na jina la kukumbuka. Ni haki kudai heshima kwa waliofiwa. Wasichana wenyewe huitoa: kukiwa na msiba mtaani, safari husogezwa, na fedha zilizochangwa kwa ajili ya usiku wa dansi huwa za kwanza kufika matangani, kwa sababu ndizo zilizokuwa tayari. Chama kinachojua kuchanga kwa furaha kinajua kuchanga kwa huzuni.

Lakini kudai kwamba pasiwe na ngoma hadi amani ije ni kuwahukumu wasichana hawa kuishi ujana wao wote bila ujana. Aliyezaliwa Oicha mwaka 2004 alikuwa na miaka 10 mauaji yalipoanza. Hajui mji wake bila vita. Alipokuwa na miaka 14, Agosti 2018, Ebola ilitangazwa Beni, na hadi ilipotangazwa kwisha Juni 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 2,200. Alinyimwa hata kumshika mkono rafiki au kumwosha maiti wa nyumbani. Kisha ukaja utawala wa kijeshi. Anapofika umri wa kujiamulia, na kupata siku moja ya kuvaa vizuri na kucheka kwa sauti na wale waliookoka pamoja naye, huambiwa asubiri. Asubiri nini? Waliosubiri wengi wamekwisha kufa. Harusi zinafungwa Oicha, mpira unachezwa, Noeli inasherehekewa, na hakuna anayeziita dharau kwa wafu, kwa sababu watu wanajua kuwa kundi linaloua katika msitu linataka hasa hilo: barabara tupu, soko tupu, kanisa tupu, watu waliofungiwa ndani wakisubiri zamu yao. Wasichana wanaojipanga, wakaulizia barabara, wakachanga, wakaenda wote na kurudi wote, wanaikataa nia hiyo kwa namna yao, na wanastahili kuheshimiwa kama wanavyoheshimiwa waliorudi sokoni siku ya pili baada ya shambulio.

Yanayopaswa kudaiwa yadaiwe kwa wanaohusika. Wenye kumbi za Beni na Butembo waweke taa mlangoni na kwenye njia ya msalani, wamfukuze mwanamume anayemshika mwanamke bila ruhusa yake, na wafungue mchana wakati wa amri za usiku. Askari wa vizuizini wakague kadi, wasikague sketi. Viongozi wa dini waache kulitumia jina la ndumba kwa mtu wasiyemjua. Na wazazi wa Oicha, kabla ya kusema hapana kwa binti mwenye miaka 20, wamwulize anakwenda na nani, watalala kwa nani, nauli ya kurudi iko wapi na nani hatakunywa. Akiwa na majibu, wampe baraka na wakae karibu na simu.